Mbwa Aliyezoeshwa Kushinda

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka, maana nikiendelea kukaa kimya nitakuja kujuta. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na karakana yake iko hapa hapa uani, na tuna mbwa wetu Sukari, jina alipewa kwa upole wake, zamani nikifua alikuwa analala miguuni pangu, lakini tangu tuibiwe nondo mume wangu akaamua lazima awe mkali, basi kila jioni anamfunga mnyororo, fundi mwenzake anagonga chuma nje ya geti akijifanya mwizi, mbwa anabweka mpaka povu linamtoka, "mwizi" anatimua mbio, Sukari anatupiwa kipande cha ini na wanaume wanacheka. Sasa juzi binti yetu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa anagonga kijiko kwenye kikombe, mshauri wangu, yule mbwa alichomoka akamdaka gauni, nikamvuta mtoto, gauni likachanika, na baba yake anasema eti, "Mtoto ndiye azoee kutogonga vyombo." Nimeshanunua sumu ya panya, nimeificha jikoni chini ya sinki, Sukari nampenda lakini mwanangu nampenda zaidi. Nimwekee?

Mama wa Kijiko

JIBU

Mama wa Kijiko, acha kusoma. Nenda katoe hiyo sumu sasa hivi. Mtoto ndiyo anaanza kutembea na anashika kila kitu, nawe unaficha sumu chini ya sinki? Loo! Mbwa kamkosa, usije ukammaliza wewe.

Umeshaitoa? Haya, tuongee. Pole sana, mwanangu, hata mimi gauni hilo limeninyima raha. Lakini Sukari hakuamka tu siku moja akawa mkorofi. Nimemuuliza daktari wa mifugo. Anasema katika ubongo wa mnyama kuna kemikali za kutuliza na za kuchochea. Ukimfunga na kumchokoza kila siku, za kutuliza hupungua. Akishinda, za kuchochea hupanda, naye hutamani kushinda tena. Kwenu mwizi hukimbia kila jioni na ini linafuata, kwa hiyo chuma kikilia, mwili wa Sukari unaanza kazi kabla hajatazama ni nani anayegonga. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa ni vivyo hivyo.

Mchezo wa mwizi ukome leo. Sukari awekwe kwenye banda la chuma lenye kufuli, na daktari aje ampime. Akisema harekebiki, yeye ndiye atakayemlaza usingizi wa mwisho bila mateso, si wewe na sumu yako. Na hata akitulia, usimwache na mtoto peke yao, hata ukienda kuanua nguo tu.

Na wewe fundi, najua utasomewa hii. Mtoto wa kijiko ndiye wa kufundishwa adabu, si mbwa wako? Huoni aibu, baba mzima? Umechomelea mageti ya mtaa mzima. Leo, kabla ya kula, chomelea moja la kumkinga binti yako na mbwa.