Karatasi za Mashine ya Miburani

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Zuhura anaota meno. Yuko kifuani tangu alfajiri, naandika huku namnyonyesha. Karatasi ya maelezo ya kuwasha mashine nimeimaliza. Ya mkanda bado. Fundi Shamte anasema, naandika, namsomea, anasema siyo hivyo, nafuta.

Anahamishwa Jumatatu ijayo. Mashine ya kusaga ya kina mama itabaki bila fundi. Bwana wa wilayani atakuja Alhamisi yake kutazama. Kijiji kikiweza kuiendesha chenyewe, inabaki. Kikishindwa, inapelekwa kijiji kingine. Ndiyo maana ya karatasi hizi. Mimi ni darasa la saba tu, walinichagua kwa mwandiko.

Ramadhani iko mlangoni na unga wote ule. Kutwanga sirudii. Mgongo huo sina.

Jumatano, 6 Agosti

Baba Zuhura yuko dago, kambi ya wavuvi, Ras Mkumbi. Namwombea samaki, ila nashukuru hayupo. Karatasi za manila zimejaa hadi kitandani.

Nimeweka alama. Neno la kufanya, mstari chini. Neno la hatari, ndani ya sanduku jekundu. Neno linalokupeleka karatasi nyingine, duara, na namba ya karatasi pembeni. Fundi kaangalia muda mrefu. Kasema inaeleweka. Nikapumua.

Ijumaa, 8 Agosti

Aibu.

Tulizibandika ukutani kwa uji wa muhogo, kuanzia mlangoni kwenda ndani. Bi Mwanakombo ndiye atakayeshika mashine, basi ajaribu yeye. Herufi hizi kazijua mwaka jana, kisomo cha watu wazima. Za Kiarabu anazo tangu utoto.

Kaingia, kapita karatasi zote, kaenda mwisho kabisa upande wa kulia. Karatasi ya kuzima. Kasoma vizuri, neno kwa neno. Kafunga bomba la dizeli kama nilivyoandika. Kaja ya moshi. Kaja ya mkanda. Mwisho kafika ya kuwasha, kazungusha hendeli mpaka jasho. Itawakaje, na dizeli kaifunga?

Fundi kacheka hadi kakaa chini.

"Wanicheka nini? Msahafu waanzia wapi, we Shamte? Kushoto?"

Fundi kawauliza kina mama waliokuwa kwenye foleni waanzie wapi. Wote wameonyesha kulia. Wote wamesoma chuo cha Kurani. Namba zangu hakuna aliyezitazama.

Nimerudi nyumbani, nimelia kidogo, nimepika.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefuta namba. Hakuna karatasi ya kwanza wala ya mwisho. Unaanza na shida uliyonayo.

Kila karatasi ina picha yake juu. Kuwasha ni nazi. Haiwaki ni pweza. Moshi ni kaa. Mkanda kuteleza ni kamba. Kuzima ni mkeka. Na ndani ya duara sasa nachora picha hiyo hiyo. Ukiona pweza kwenye duara, tafuta pweza ukutani, awe kulia, awe kushoto, shauri yake.

Sijui kwa nini sikufikiri hivi mapema. Kifua kimekuwa chepesi.

Jumapili, 10 Agosti

Majaribio tena. Fundi kasingizia moshi mweusi. Bi Mwanakombo kaenda kaa. Kaa inasema tazama chujio, usipoweza nenda pweza. Kaenda pweza. Pweza inasema ukiona moshi nenda kaa. Karudi kaa. Kaenda pweza. Kina mama macho yanamfuata.

"Mama Zuhura, wanizungusha! Mwendo huu si ningekuwa nishafika Ras Kisimani?"

Nilicheka mpaka Zuhura kashtuka mgongoni. Kosa langu. Sasa kaa inaishia na neno la kufanya: zima mashine, safisha chujio. Hairudi kokote. Nimezipitia zote kwa kidole, moja moja, nione kila njia ina pa kuishia.

Jumanne, 12 Agosti

Fundi kaondoka jana. Kaniachia spana.

Zuhura homa kali. Nimempeleka zahanati nikiwa na mawazo mabaya. Ni meno. Jioni hii kapoa, kanyonya, kaning'ata. Alhamdulillahi. Sina nguvu ya kuandika zaidi.

Alhamisi, 14 Agosti

Bwana wa wilayani kafika asubuhi. Kijana mpole, miwani. Mwenyekiti wa kijiji kavaa shati la Idi.

Haikuwaka.

Bi Mwanakombo kazungusha hendeli, kapumzika, kazungusha tena. Inakohoa tu, haishiki. Mimi nilijua. Mlio ule ni upepo kwenye bomba la dizeli, Fundi alinionyesha. Neno lilikuwa mdomoni. Mwenyekiti kanikodolea macho, sema basi! Nikakataa kwa kichwa. Bwana kaja kuona kama karatasi zinatosha. Nikisema mimi, mashine inaondoka. Nilimpapasa Zuhura mgongo ili mikono ipate kazi.

Bi Mwanakombo kaiacha hendeli. Kaenda ukutani. Nazi. Duara. Katafuta pweza. Kasoma kwa sauti: legeza nati, pampu kwa mkono, dizeli ikitoka bila mapovu, kaza. Kalegeza. Mapovu. Kapampu, kapampu. Dizeli safi. Kakaza. Kazungusha.

Imewaka. Vigelegele hadi mashine haisikiki.

Bwana kauliza kwa nini pweza. Kajibu Bi Mwanakombo.

"Si yeye akiingia pangoni hatoki bila kuchokonolewa? Humjui pweza, mwanangu?"

Bwana kacheka, kaandika, kasema inabaki. Nikakaa kwenye gunia la muhogo. Mwenyekiti alitoa hotuba. Sikuisikia.

Jumapili, 17 Agosti

Mashine inalia tangu asubuhi. Saa nne ikanyamaza. Nikasimama mlangoni nisikilize, kanga mkononi, tayari kwenda. Baadaye ikalia tena. Hakuna aliyekuja kuniita.

Nikarudi ndani. Zuhura kalala, mdomo wazi, jino moja limetoka. Nimelala pembeni yake mchana mzima.