Darubini ya Bunduki ya Baba

Elisabethville, Kamalondo
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za mikono miwili. Unaendeleaje? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Na shamba la mihogo, je, mbogo wamekuachia chochote? Sisi huku ni wazima. Mkweo Ngalula hajambo. Mjukuu wako ameota meno ya mbele na anamng'ata kila mtu, hata babu yake.

Bernadeta dada yangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole. Usiruke mahali, hata pale atakapokasirika.

Mama, maneno uliyompa shangazi aniletee yalinifikia kabla ya Baba kufika. Ulisema: "Baba yako anakuja huko na Frère Anselme kutafuta darubini ya kuweka juu ya bunduki ya misioni anayowindia. Mwambie darubini zimekwisha mji mzima. Macho yake yamemwambia aache kuwinda, na wewe usiyabishie." Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Tangu jioni ile mbogo aliyejeruhiwa alipomgeukia Mwamba, mtoto wa mjomba, akamvunja paja, najua hulali Baba akiwa porini.

Basi nikwambie kweli: darubini tumenunua. Bernadeta, mshike mkono asiondoke! Sikiliza kwanza, Mama, mambo yalivyokwenda.

Nilikwenda kuwapokea stesheni. Baba alishuka mbele na ile bunduki ndani ya mfuko wa turubai, amenyooka kama askari. Nyuma yake Frère Anselme, bruda wetu mwenye ndevu nyekundu, alikuwa amebeba wale kuku wako wawili, mmoja kila mkono. Wachukuzi wote waliacha mizigo wakatazama. Mweupe amebeba kuku, mweusi amebeba bunduki! Polisi alitaka kujua habari hiyo, na Frère, kabla ya kutoa karatasi ya ruhusa ya bunduki, akamkabidhi kuku mmoja kwanza. Tulimpata yule kuku tena kwa shida.

Kesho yake nikaomba ruhusa kwenye karakana ya reli, tukaenda mjini kwa Bwana Yorgo. Ni Mgiriki mzee anayeuza bunduki, na Kiswahili chetu anakijua kuliko Kifaransa. Akatuwekea darubini tatu juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, inang'aa, bei yake ya juu. Frère alikwenda nayo mlangoni akaanza kupiga kelele kwa furaha kwamba anasoma maandishi ya duka la ng'ambo ya barabara. Akampa Baba. Baba alitazama, akaishusha.

"Frère," akasema, "hii iko naonyesha nywele moja ya mbogo. Miye nataka mbogo muzima."

Bwana Yorgo alicheka mpaka akakaa. "Muzee anasema kweli. Ile ni ya kupiga swala mbali mu mbuga. Mbogo unamupiga karibu."

Ya pili ilikuwa ya bei rahisi sana, na Frère aliipenda mara moja, maana kwa fedha itakayobaki angenunua vioo vya dirisha la kanisa. Niliishika mimi. Kioo chake hakikuwa kibaya. Lakini vile vishikio vyake, yaani vipande vya kuifunga juu ya bunduki, havikuwa chuma hata kidogo, vilikuwa alumini nyepesi, na skrubu zake nyembamba kama za saa. Mama, ile bunduki unaijua. Unajua bega la Baba linavyokuwa akirudi, unavyolikanda kwa maji ya moto. Teke la bunduki ile ikilia lingekata skrubu hizo kabla ya mbogo kugeuza kichwa.

Nikamwambia Frère, "Kioo kizuri juu ya vishikio vibaya ni kama bati jipya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa."

"Na ile ya tatu, ya katikati?" akauliza.

Ya katikati haikuwa na maringo. Ilikuwa fupi, nyeusi, inaleta kitu karibu kidogo tu. Wameitengeneza kwa bunduki kubwa: unaweka jicho mbali nayo, upana wa kiganja na zaidi, usigongwe. Vishikio vyake vya chuma cha pua vina vipini viwili vidogo. Ukiingia penye majani marefu au mvua ikianza, unavigeuza kwa kidole, darubini inatoka, unapiga kama zamani. Bei ilitosha mfuko wa misioni, bila vioo vya kanisa.

Hapo Bwana Yorgo akajikuna kichwa. Alikuwa na moja tu ya namna hiyo, na mzungu mmoja mwenye shamba aliomba awekewe. Kama hatafika kabla ya duka kufungwa saa sita, ni yetu.

Mama, nilisikia sauti yako sikioni. Nilihitaji kusema neno moja tu: "Basi, tumwachie mwenyewe." Kazi ingekuwa imekwisha, nawe ungelala usingizi. Nilifungua hata kinywa. Baba akanishika mkono, akanitoa nje barazani.

"Mama yako alikutuma useme nini?"

Nikajifanya natazama barabara.

"Niko naishi naye tangu ujana," akasema. "Unafikiri sijue? Sasa sikia. Mbogo miye naona muzuri, hata mbali. Ile kidude ya mbele ya bunduki, ya kulenga, njo sioni tena. Iko sawa moshi. Siku ya Mwamba nilipiga kwa kubahatisha. Sikuambia muntu." Akatazama chini. "Unipe macho, ao unipokonye bunduki. Katikati hapana."

Baba hajawahi kusema nami hivyo. Kisha nikamwambia, "Tuinunue, halafu tuende tukapige shabaha. Ukikosa, bunduki inarudi misioni na Frère, na wewe unarudi kwa Mama mikono mitupu. Umekubali?"

"Ni haki," akasema, akanipa mkono kama mtu mzima na mtu mzima.

Saa sita ikafika, mwenye shamba hakutokea.

Nilifunga vishikio mwenyewe kwa Bwana Yorgo, na Jumamosi tukaenda ng'ambo ya mto Naviundu, penye uwanja wa kupigia shabaha. Frère alitaka yeye ndiye apige risasi ya kwanza. Lakini mimi nilikuwa nimeifunga darubini kulingana na shingo yangu, na shingo ya Frère ni ndefu. Bunduki ikalia, pu! Frère akakaa chini, damu inachuruzika juu ya jicho mpaka kwenye ndevu. "Iko naona karibu sana!" akasema, akaanza kucheka, nasi tukacheka mpaka tukashindwa kumfunga kitambaa.

Nikaisogeza darubini mbele kulingana na Baba, nikachora mstari wa kalamu kwenye bomba lake. Kwanza Baba alipiga bila darubini. Vumbi liliruka kushoto. Akapiga tena, likaruka kulia. Karatasi ikakaa pale pale, nyeupe kama kanzu ya komunyo. Nikamwekea darubini. Nikwambie kweli, Mama, nusu ya moyo wangu ilikuwa inaomba akose, kwa ajili yako.

Alikaa muda mrefu hajapiga. Nilidhani haoni. Kumbe alikuwa anatazama tu.

Akapiga. Karatasi ikatoboka. Akapiga tena na tena, na matundu yote ungeyafunika kwa kifuniko cha sufuria yako ndogo. Nilikwenda kuangalia ule mstari wa kalamu: darubini ilikuwa imeteleza kidogo, maana sikupangusa vizuri mafuta ya dukani. Nikafungua, nikasafisha kwa petroli, nikakaza upya. Baba akapiga mpaka bega likamchoka, na mstari haukusogea tena.

Nilitegemea atashangilia. Hakushangilia. Alipumzisha bunduki, akamwita Frère awe shahidi, akasema: "Kile sioni, sipigi. Jua ikishuka, narudia ku nyumba, hata kama mbogo iko mbele yangu. Mumwambie mama ya batoto." Frère akainua mkono akaapa naye, ingawa hakuna aliyemwomba.

Hayo ndiyo maneno yake, Mama. Akiyavunja, nitapanda treni mwenyewe kuja kuichukua ile darubini, vipini vyake navijua.

Sasa ile nyusi ya Frère ilitaka kushonwa, ikabidi twende hospitali. Wakati anashonwa, aliona mlango wa mganga wa macho, akamsukuma Baba ndani, akalipa kwa fedha zake mwenyewe. Baba alikataa, akasema darubini inatosha. Mganga akampa kitabu akitazame, na Baba akakinyoosha mkono wote mbele yake kama anayefukuza nyoka. Ametoka na miwani ya kutazama vitu vya karibu.

Alifika nyumbani, akaivaa, akamwita mjukuu wako. Akamshika kidevu, akamtazama, akamtazama.

"Kumbe huyu mutoto iko na alama ku shavu," akasema, "sawasawa ya bibi yake!"

Ngalula akaniangalia. Alama ile mtoto amezaliwa nayo, na Baba alikuwa amempakata wiki nzima.

Nisalimie mjomba na Mwamba, umwambie kwamba Baba amemnunulia fimbo nzuri ya kutembelea. Nisalimie shangazi aliyeleta ujumbe. Hana kosa, alijitahidi. Salamu kwa kaka mkubwa na watoto wote wa uani, na kwa bibi mzaa baba, umpigie makofi ya heshima kwa niaba yangu.

Wasafiri wako wanapanda treni Alhamisi. Baba ataanza kukuonyesha darubini, msifie. Halafu atatoa ile miwani mfukoni, na inamfanya afanane na karani wa posta. Nakuomba usicheke, Mama, wala usiende kupakua chakula haraka. Kaa karibu naye, kwenye mwanga, umwache akutazame uso. Ni miaka mingi hajauona, na hakutaka ujue.

Mwanao akupendaye,
Feliksi, wa karakana ya reli