Kadi za Dorcas

Alhamisi, jioni.

Ni mimi mwenyewe nilibeba zile kadi, hakuna mutu alinituma. Dorcas wangu anachorea mama Muhindi wa duka kadi za miungu yao, za kufundishia watoto na za kuangalia wakati anatulia kuomba. Leo nikazipeleka kwenye kikundi cha wamama wa kanisa. Nilitaka tu waone mukono wa mutoto wangu. Mu Bunia yote, nani mwingine anaweza kuchora Ganesha, yule wa kichwa cha tembo, na ukiangalia macho yake uone kama anakusikiliza?

Mama prezida wa kikundi akarudisha kadi ya Ganesha kwa vidole viwili. “Mama Dorcas, hii ni sanamu. Na huyu mutoto ndiye anaimbisha korali yetu?”

“Na wako anachora nini?” Wamama wakacheka. Yeye hapana.

Jioni simu ikalia: pasta anamuita Dorcas Jumapili, Siku ya Mungu. Wakimutoa mu korali, sijui nitamuangalia namna gani.

“Mama, nani aliwaonyesha wale wamama kadi?” Dorcas akaniuliza.

Nikasema sijui.

Usingizi utatoka wapi? Kesho asubui, mbele ya kunywa chai, nitamuambia ni mimi. Na kwa pasta tutaenda wawili, na kadi zote, azione vizuri.