Mkono Ndani ya Gunia

Mjukuu wangu Zuleikha,

Assalaam alaykum. Hapa Jadida sote wazima. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, na goti langu sasa linanifikisha sokoni.

Umeniuliza kama umwandikie mkubwa wako kwamba yule msichana mpya uliyepewa umfundishe kazi hapo duka la dawa hafai, maana wiki nzima anakosea. Basi nisikilize.

Wiki yangu ya kwanza kwenye ghala la karafuu, nilitia karafuu kavu na zenye unyevu katika gunia moja. Baada ya siku chache gunia lilipata joto, karafuu zikaota ukungu. Msimamizi alitaka niondoke palepale. Bi Mize, aliyetuongoza sisi wanawake, akasimama mbele yangu.

"Kosa langu, Mzee. Nilimwambia achague zilizokauka. Sikumwonyesha zikoje."

Akanishika mkono akautumbukiza katika gunia moja, kisha la pili. Karafuu kavu nilizikunja zikavunjika kwa mlio. Zenye unyevu zilipinda tu, kimya. Nilifanya kazi pale mpaka nikazeeka, na kosa lile sikulirudia.

Sasa niambie kweli: ulimwonyesha, au ulimwambia tu ukaenda zako? Kesho wahi kazini, usimame naye mbele ya rafu, dawa moja baada ya nyingine, mpaka ajue. Usichoke. Akishindwa baada ya hapo, andika.

Lakini ukiandika kabla, jina la kwanza la mwenye kosa kwenye hiyo barua liwe lako.

Bibi yako,
Asha