Gari Lililotaka Kutuvunjia Harusi

Nyumba ya Geti la Kijani,
Mtaa wa Nyuma ya Posta.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, zikiwa za moto kabisa. Hali yako huko kwenye baridi? Kifua kimetulia, au bado unakohoa kila ukipanda ngazi? Shemeji yangu naye, mguu umepona? Na wale wanangu wawili, waambie mama yao mkubwa anauliza kama bado wanagombania kitanda cha dirishani.

Sisi huku ni wazima. Naandika neno hilo leo kwa moyo mweupe, maana wiki zilizopita nilikuwa nalitamka tu kwa sababu mtu akiulizwa hali hujibu "mzima".

Basi kabla hujasoma zaidi: usiirudishe tiketi. Harusi ipo. Tarehe ni ileile, ukumbi ni uleule, na mwanao anakungoja wewe mama yake mdogo umvalishe shela. Amekataa mtu mwingine kuligusa.

Najua nilikutia hofu kwenye simu. Nililia tu, nikasema wazee wamegombana, ukaniuliza wamegombania nini, nikanyamaza. Mdogo wangu, nilinyamaza kwa aibu. Walikuwa wamegombania gari. Tena lingekuwa la mmoja wao ningekuambia. Gari lenyewe hawalimiliki, hawatalimiliki, na mpaka juzi walikuwa hawajaliona kwa macho.

Unakijua kile kijiwe cha shemeji yako pale kwa kinyozi. Kila Jumamosi, akishamaliza kusahihisha hesabu za wanafunzi wake, huyo, mbio kwenda kubishana habari za magari. Wako wengi pale, na kati yao wote gari ni moja tu, la yule fundi miwani wanayemwita Turbo, na hilo nalo haliwaki mpaka lisukumwe. Lakini wasikie wakizungumza! Utadhani kila mmoja ameacha funguo za magari sita mezani kwake.

Turbo ndiye baba wa mchumba wa mwanao. Nadhani sikuwahi kukusimulia watoto walivyojuana. Kila mmoja alikuwa ametumwa kumwita baba yake chakula cha mchana, wakakuta ubishi umepamba moto, wakakaa kwenye benchi la nje kungoja. Wazee hawakumaliza siku ile, wala Jumamosi iliyofuata. Kwa hiyo siwezi kuyalaani magari moja kwa moja. Yametupa mkwe.

Sasa mwaka huu likatoka gari jipya la mbio. Milango miwili, limelala chini kama karatasi, na likipita, wanasema, vioo vya madirisha vinatetemeka. Shemeji yako alipoliona kwenye televisheni alisimama, na kijiko mkononi. Tangu siku ile akawa haongei kitu kingine. Nikimwambia pazia nililomshonea mteja limepotea anajibu kwamba lile gari linafika mwendo wa mia kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.

Turbo yeye ni mtu wa magari ya starehe. Kipenzi chake ni lile la Mjerumani, pana, zito, lenye viti vinavyokukanda mgongo huku unaendesha. Kinyozi naye yuko upande wa la Mtaliano, na hoja yake ni rangi tu.

"Gari la mbio ni moyo," shemeji yako husema. "Unakanyaga mafuta, roho inabaki nyuma."

"Mimi roho yangu nataka tusafiri nayo," Turbo humjibu. "Mtu mzima akishuka garini aonekane anatoka sebuleni, si anatoka mtaroni."

Wakicheka namna hiyo hakuna ubaya. Lakini harusi ilipokaribia, mume wangu akawa mkali kama pilipili. Alibisha kila kitu. Alibisha hata kadi za mwaliko, kwamba maandishi yamepinda. Nikasema ni uchovu.

Jumamosi moja (haya nimeyapata kwa kinyozi mwenyewe) Turbo alikuwa kitini ananyolewa ndevu, povu shavu moja. Wakaanza kama kawaida. Turbo akasema kwa mzaha kwamba mtu ambaye maisha yake yote ameendesha baiskeli asiwafundishe watu mwendo kasi. Watu wakacheka. Shemeji yako hakucheka. Akasema: "Afadhali baiskeli yangu, naisukuma mwenyewe. Gari lako linasukumwa na majirani. Na mwanao naona kajifunza hapo hapo, anangoja kusukumwa. Sijui binti yangu atasukuma mpaka lini."

Kinyozi anasema wembe ulimganda mkononi. Turbo alinyanyuka vile vile, nusu ya uso imenyolewa na nusu ina povu, kitambaa cha kinyozi shingoni, akatoka. Alivuka barabara hivyo hivyo. Hakurudi hata kumalizia shavu la pili.

Unamjua yule kijana. Fundi umeme, alipoteza kazi mwaka jana kiwanda kilipofungwa, akakaa miezi akizunguka na begi lake la vifaa hadi akapata vibarua vya kwake. Neno lile liligusa kidonda ambacho kilikuwa ndiyo kwanza kinaziba.

Jioni ile Turbo akatuma ujumbe kwamba hataketi meza moja na mtu anayemdharau mwanawe, harusi au si harusi. Na shemeji yako, badala ya kunyenyekea, akasema sawa, asiketi. Wanaume wawili wenye mvi, mdogo wangu! Nilienda kwa mama wa kijana, tukakaa jikoni kwake. Naye alikuwa amemsihi wa kwake hadi sauti ikakauka.

Mwanao hakulia. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alikuwa anatoka zamu hospitalini, anakunja sare yake polepole, anaingia chumbani. Siku moja akaniambia, kimya kimya kama mtu anayeagiza chai, "Mama, tutaandikishwa ofisini na mashahidi wawili, basi. Nyinyi msijisumbue." Niliendelea kushona pazia la watu, na baadaye nikagundua nimeshona upindo juu na chini, hakuna pa kupitishia fimbo.

Sasa sikia lilivyotokea. Wiki iliyopita lile gari likaletwa mjini, kwenye duka kubwa la magari lililopo barabara kuu, liwekwe watu walitazame. Shemeji yako akavaa koti lake la sherehe, akaniomba nifuatane naye nimpige picha. Nilikwenda kwa hasira, nakuambia ukweli. Nilijisemea, angalau nilione hilo lililonivurugia nyumba.

Duka lile sakafu yake unaweza kujitazama ukachana nywele. Gari lipo katikati, jekundu, limeinama kama linataka kuruka. Na kando yake wamepanga wapinzani wake, lile la Mjerumani na lile la Mtaliano. Mbele ya la Mjerumani, mikono nyuma, kasimama nani? Turbo. Wakaonana. Kila mmoja akageukia gari lake kama vile amegeukia ukuta.

Shemeji yako akamwomba muuzaji, dada mmoja mpole aliyevaa viatu virefu, amruhusu kukaa ndani. Akaruhusiwa. Akashuka kule chini, akashika usukani, na uso wake, mdogo wangu, sijauona hivyo tangu mwanao azaliwe. Nikampiga picha. Nikampiga nyingine. Nikamwambia, haya baba, toka twende. Hakutoka.

Nilidhani anatania. Kumbe kiuno kimekamata. Kile kiti kiko chini karibu na ardhi, na mgongo wake unaujua. Jasho likamtoka, akawa ananong'ona, "Usiwaite watu, usiwaite watu." Yule dada akamshika mkono avute, mume wangu akapiga yowe lililogeuza vichwa vya duka zima.

"Usimvute!" Ilikuwa sauti ya Turbo. Alikuja haraka, akapiga magoti kwenye sakafu ile akiwa na suruali yake ya pasi kali. "Usimvute, dada, utamvunja. Mwalimu, nisikilize. Miguu kwanza. Usitumie mgongo, niachie mimi uzito."

Akaitoa miguu nje, mmoja mmoja. Akapitisha mikono chini ya makwapa, akamkumbatia kama anayemtoa mtu majini. "Pumua. Haya, sasa." Wakatoka pamoja, na wakakosa pa kushika, wakakaa chini wote wawili puu!, migongo imeegemea gurudumu la gari la ndoto.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikuthubutu. Walihema tu.

Kisha shemeji yako akasema, akitazama sakafu, "Neno lile juu ya kijana wako. Halikuwa la gari."

"Najua halikuwa la gari," Turbo akasema. "Lilinichoma. Yule mtoto aliamka kila siku alfajiri kutafuta kazi. Nilimwona kwa macho yangu."

"Na mimi nilimwona. Taa ya ngazi yetu alitengeneza yeye, wala hakuna aliyemwomba. Ni kijana mzuri." Halafu akasema jambo ambalo mimi mkewe sikuwahi kulisikia: "Nyumba itakuwa kimya, Turbo. Kila nikiziona zile kadi natafuta mtu wa kumkasirikia. Nikakupata wewe. Nisamehe."

Mimi nilisimama na simu mkononi. Turbo akafuta macho kwa kiganja, akasema, "Na mimi yule ndiye mwanangu wa pekee. Unadhani kwangu kutakuwa na kelele?" Akampa mkono. "Nimekusamehe. Lakini kamwambie yeye mwenyewe, si mimi."

Walikwenda siku hiyo hiyo. Mume wangu alipanda lile gari la kusukumwa, amekaa mbele kwa ubavu kwa sababu ya kiuno, na mimi na mlinzi wa duka tukalisukuma mpaka likawaka. Wakamkuta kijana juu ya ngazi, anafunga taa kwenye ukumbi wa shule. Shemeji yako akamwomba msamaha mbele ya wenzake wa kazi, kwa sauti. Kijana akashuka, akasema, "Baba, yamekwisha," akamletea kiti apumzike.

Mwanao alipotoka zamu alikuta wazee wote wawili sebuleni, mmoja amelala kifudifudi kwenye mkeka, mwingine anamkanda kwa dawa ya misuli. Alisimama mlangoni na mkoba wake. Akatazama. Akauliza, "Baba, nini tena?" Baba yake akajibu bila kuinua uso, "Tarehe ni ileile, mama. Nenda kamwambie mwenzio." Hapo ndipo alipolia, mdogo wangu, machozi ya wiki zote, akacheka humo humo ndani ya kilio, akaanza kumkanda yeye kwa mikono yake ya kiuguzi, maana alisema Turbo anamkanda kama anasafisha miwani.

Hivyo ndivyo tulivyotoka. Mgongo unaendelea vizuri, ameandikiwa mazoezi na anayakwepa. Nimefumua lile pazia. Mama wa kijana na mimi tumeshagawana kazi za ukumbi, na kila tukikutana tunashikana mikono bila sababu.

Mambo mengine madogo: njoo na viatu vya chini, ukumbi una ngazi nyingi. Jirani yetu mshonaji anaomba vipimo vyako vipya, na useme kweli, asije akashona gauni la mtu wa miaka ile. Wewe nimekuandalia chumba cha nyuma, kile kinachopata jua asubuhi, kwa ajili ya kifua chako.

Shemeji yako anakusalimu, amenisimamia hapa anataka niandike kwamba kiti kilikuwa na hitilafu. Siandiki. Mwanao na mchumba wake wanakusalimu, kinyozi naye. Nisalimie shemeji, na wanangu uwapige busu usoni, kila mmoja mara mbili ili wasigombane.

Mungu akutangulie njiani, akufikishe mlangoni kwetu ukiwa mzima. Mwanao ameshaliweka shela juu ya kabati, limefungwa kwenye karatasi, na juu ya karatasi ameandika kwa kalamu nene: LA MAMA MDOGO, MSIGUSE.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kipimo.