Maneno Yaliyombakia Baba

Woodley, Nairobi
Jumapili, Julai

Kwako dada Nyakio,

Pokea salamu za baridi, maana joto unalo la kutosha huko Mombasa. Shemeji Mbarak hajambo? Na watoto je? Mimi mzima, ila mafua ya Julai unayajua. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu na kumtaja Baba, mtandao wako hupotea ghafla. Barua haikatiki.

Leo nimepika chai ya maziwa nikakukumbuka sana. Unakumbuka chai zetu za Jumapili? Baba hakuruhusu mtu aguse mkate kabla ya kuueleza kwa Kiingereza. Ukisema mkate tu, anauliza mkate gani: laini, wa jana, ulioungua? Alisema nomino bila kivumishi ni mtu aliyetoka nje bila nguo. Kisha kitenzi nacho kilidai kielezi chake: umeukata vipi, polepole au kwa pupa? Niliposema ninakula “slow” alinirudisha jikoni nikatafute “slowly” yangu. Wewe ukamwuliza mbona basi “fast” haibadiliki, akacheka hadi akamwaga chai. Mama akalalamika kwamba ubishi wenu utammalizia sukari yake. Kusema kweli, nilikuonea wivu.

Nimekumbuka pia siku ulipomleta Mbarak. Baba alisema binti yake hatabadili dini kwa ajili ya mwanamume, ukaondoka na mkoba mmoja. Tangu hapo jina lako halikutajwa katika nyumba hii.

Sasa habari yenyewe. Baba anapoteza maneno. Daktari wa Kilimani alisema ugonjwa wa kusahau umeanza na majina, na hautarudi nyuma. Kikombe sasa ni “kile cha moto”. Mzee Wachira wa jirani, mwenzake wa drafti miaka yote, ni “yule wa kelele”. Vivumishi na vielezi bado anavyo, tena kwa Kiingereza safi. Mimi hucheka naye, halafu naenda kulia bafuni.

Majuzi alianza kumwulizia mtu: yule mkaidi, anayecheka kwa sauti, anayejibu upesi. Nilidhani ni marehemu Mama, nikamletea picha yake, akaisukuma kwa hasira. Nikamletea yako ya kuhitimu chuo, akaishika mchana kutwa. Ule ugomvi haukumbuki kabisa. Nilimtajia Mbarak kwa kumjaribu, akauliza kama ni mtu mpole. Nikamwambia ndiyo. Akasema vizuri, basi waje wote.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mimi hanijui tena. Ananiita kijana mwema na kunishukuru kwa adabu kila nikimwogesha. Juzi aliniuliza kama kwetu hawana wasiwasi kwamba nimechelewa kurudi. Nikamjibu kwamba wanajua niko hapa.

Nimekasirika, dada, na nimekukasirikia wewe, nisikufiche. Lakini wewe bado umo ndani yake, na daktari hawezi kusema utakaa humo hadi lini. Usingoje likizo ya Desemba. Njooni wiki hii, chumba chako nimeshakifagia.

Msalimie shemeji, na uwabusu wapwa wangu ambao sijawaona. Ukifika, tafadhali mwambie Baba mimi ni nani. Wewe atakuamini.

Ni mimi mdogo wako,
Gichuru