Jicho la Kushoto la Mama

Rusimbi, Kigoma
Machi 1998

Kaka Elikana, shikamoo.

Hapa sote wazima, na samaki wa hapa, migebuka, wamemnenepesha mama. Mimi bado naona haya kusema darasani, lakini kwako nitasema hata lile mama alilonikataza kukuandikia.

Tulipokimbia vita na kuvuka ziwa bila wewe, uso wa mama ulipooza upande wa kushoto, na jicho lile halikutoa tena chozi. Nesi Bibiana akanifundisha njia ya chozi: neva hutoka ubongoni pamoja na neva ya uso, hufika kituo kidogo nyuma ya pua, na hapo neva nyingine hupokea ujumbe na kuupeleka kwenye tezi ya machozi. Nimeikariri kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Nilimchorea mama njia hiyo kwa mkaa kwenye shavu la kushoto, kisha nikamkatia kitunguu. Majirani wote walilia, jicho lile likabaki kavu.

"Mtanimalizia vitunguu bure!" akalalamika jirani yetu, Mama Shadia.

Juzi mvuvi Assani alirudi ufukweni Katonga kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, akaja moja kwa moja kwetu. "Elikana nimemwona kwa macho yangu," alisema. "Anauliza kama mama yake bado anaimba akikaanga dagaa."

Mama akakaa chini. Shavu la kushoto likalowa, na mkaa niliomchorea tena asubuhi ile ukachuruzika hadi kidevuni. Nami, mwenye haya, nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Umefika! Ujumbe umefika!"

Mama Shadia alilia tena, safari hii bila kitunguu.

Njoo, kaka. Anaimba.

Mdogo wako mwenye kelele siku hizi,
Merina